Ufunguo Uliobaki kwenye Laini

Pikipiki ya Gaspard ilipatikana mtaani Bwiza Alhamisi asubuhi, mbele ya baa inayochoma brosheti za mbuzi, na karibu kila aliyeiona akaona kesi imekwisha. Mwanamume hakulala nyumbani, pikipiki yake iko mlangoni pa baa. Hesabu hiyo hata mlevi angeipiga. Dative peke yake hakuipenda. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika upelelezi, na kesi iliyoletwa imeshapikwa na kupakuliwa ilikuwa inamkata hamu.

Aliizunguka pikipiki mara mbili. Usukani ulikuwa umefungwa, ufunguo haupo. Tairi la mbele lilikuwa karibu kuugusa ukuta, na la nyuma lilikaa pembeni kabisa mwa mtaro wazi. Mtu asingeweza kuiendesha na kuisimamisha vile. Ilibidi anyanyuliwe mnyama huyo, awekwe. Msaidizi wake, askari Massoudi, alikuwa amekwishawauliza wenye baa, na hakuna aliyemwona Gaspard jana wala juzi. Muuza makaa wa ng'ambo ya barabara alikiri kwamba jana jioni saa kumi na mbili pikapu ilisimama pale na wanaume wawili wakashusha kitu, lakini yeye hakuangalia ni nini.

"Mutu wa Bwiza akikuambia hakuangalia, ujue ameona," Massoudi alisema.

Dative hakucheka. Mwaka uliopita alimtafuta mtu mwingine aliyepotelea upande wa bandari. Alimtafuta kwa taratibu zote, karatasi kwa karatasi, sahihi kwa sahihi, na siku ya nne ziwa likamrudisha lenyewe. Na Gaspard naye alionekana mara ya mwisho akielekea bandarini.

Gaspard alikuwa fundi wa kampuni moja ndogo ya mawasiliano yenye ofisi katikati ya mji, inayokodisha laini kwa wateja wasiotaka kuchangia mtandao na watu wengine. Laini hizo ni za wawili tu. Huku mwisho mmoja, kule mwisho wa pili, na kila mwisho una ruta yake, kisanduku kinachotuma na kupokea. Jumatano mchana alitumwa kwenye ghala la bwana Adolphe, wakala wa mizigo pale bandarini, kwa sababu laini ya ghala ilikuwa inakatikakatika. Kitabu cha wageni cha ghala kilionyesha kwamba alisaini kutoka saa kumi na nusu. Hayo ndiyo yote yaliyokuwa yanajulikana.

Katika korido ya kampuni, Dative alimkuta mke wa Gaspard. Aliitwa Nsimire, mzaliwa wa Uvira, na pale wote walimwita Mama Joëlla kwa jina la binti yake. Alikuwa amekaa kwenye benchi tangu alfajiri, amepakata chupa ya chai. Dative alidhani ni chai kweli. Nsimire akafungua kifuniko, na ndani mlikuwa na barafu na kichupa kidogo cha insulini. Gaspard alikuwa na kisukari cha kujidunga mara mbili kwa siku. Sindano ya jana jioni ilimpita, na ya leo asubuhi nayo ilikuwa imempita. Daktari alikuwa amemwambia Nsimire bila kumficha: mume wako asipopata dawa, usingoje jioni nyingine.

Saa nne ilikuwa imepita. Dative aliketi kando yake na kuuliza maswali ya kawaida, polepole, kwa sababu mtu mwenye hofu akiharakishwa husema uongo bila kukusudia.

"Mama Joëlla, kuna ufunguo wa pili wa pikipiki?"

"Apana, Madame. Iko moja tu. Na ule anaufungaka kwenye waya yake ya kazi."

Waya gani? Nsimire alieleza kama alivyoelezwa na mumewe. Mafundi wana kichwa kidogo cha waya ambacho nyaya zake zimepindwa zikajirudia. Ukikichomeka mwisho wa laini, kila unachokituma kinagonga pale na kukurudia, nawe unajua kama laini ni nzima mpaka huko. Kipimo kizuri, lakini kina shida yake. Ukikisahau, laini inaonekana hai wakati imekufa. Miaka sita nyuma Gaspard alikisahau kwenye laini ya kliniki moja siku mbili nzima, nusura afukuzwe kazi. Tangu siku hiyo alifunga ufunguo wa pikipiki kwenye kile kichwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Hawezi kurudi nyumbani bila kukichomoa. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Dative aliandika hilo lote. Kisha akauliza juu ya simu ya mwisho.

Gaspard hakuwa mtu wa simu, alikuwa mtu wa kubipu. Simu inaita, inakatwa, basi. Moja maana yake niko. Mbili, nakuja. Tatu, usinipigie wala usinikaribie, niko mahali pabaya. Lugha hiyo haikuwa yao ya nyumbani, Nsimire alisema. Ilikuwa ya mafundi wa kampuni, tangu enzi za kufanya kazi milimani kusiko na mahali pa kununua vocha, na wote waliijua.

"Na jana?"

"Jana saa kumi alibipu tatu." Nsimire aliifunga chupa kwa nguvu. "Mi nikanyamaza. Jioni yote, usiku wote sikupiga, Madame. Si alinikataza? Asubuhi napiga, simu imezimwa."

Dative alimshika mkono.

Chumba cha uangalizi kilikuwa mwisho wa korido, mlango wa kioo, skrini moja kubwa ukutani. Laini zote za kampuni zilipangwa hapo, nzima kwa kijani, mbovu kwa nyekundu. Mkurugenzi, Sylvère, alimpokea Dative amesimama. Jasho lilimtoka kwenye paji ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Alisema laini ya ghala ilirudi kijani saa kumi na dakika kumi na mbili, fundi alimaliza kazi yake, na kilichofuata ni mambo yake ya binafsi. Alitazama saa yake mara tatu katika dakika moja. Dative aliliandika jina lake daftarini na kulipigia mstari chini.

Aliyekuwa na adabu ni Valéry, msimamizi wa chumba. Alimletea Dative kiti, akamfungulia Fanta, akamwonyesha kumbukumbu za ruta mstari kwa mstari bila kuombwa. Jana saa nane laini ilianguka. Saa tisa Gaspard alifika ghalani. Saa kumi na dakika kumi na mbili ikarudi, na haikuanguka tena. Valéry alisema Gaspard ni kama kaka yake, miaka minane wamefanya kazi pamoja, na kwamba, kwa bahati mbaya, kaka yake anapenda pombe.

Nsimire hakuwa ametaja pombe. Mtu mwenye sindano mbili kwa siku hana nafasi ya kupenda pombe. Dative alikunywa Fanta na kutazama ukuta.

Kando ya kila laini kulikuwa na namba mbili, moja ya kilichotoka na nyingine ya kilichoingia. Hakuhitaji kuwa fundi ili aone zinavyokwenda. Kwa kila mteja, namba hizi zilipishana, nyingine kwa mbali sana, kama watu wawili wanaozungumza na mmoja wao ni mbea. Laini ya ghala la Adolphe ilikuwa 8,914 kutoka na 8,914 kuingia. Aliisubiri. Ikawa 8,920 na 8,920.

"Hii mbona inajibiwa sawasawa na inavyosema?" aliuliza.

Valéry alikawia kidogo. "Ni boucle, waya inayojirudia, Afande. Gaspard amesahau kutoa kichwa chake. Laini inajisikia yenyewe."

"Boucle yenyewe iko wapi?"

"Pengine kwenye kisanduku cha barabarani."

"Apana," Sylvère alidakia, akiwa bado amesimama. "Modemu ya ghalani inajibu kwa jina lake, tazama pale. Boucle iko nyuma ya modemu. Iko mule ndani ya chumba chao cha mitambo."

Dative aliinamisha uso juu ya daftari. Ikiwa kichwa bado kimechomekwa, ufunguo uko nacho. Ikiwa ufunguo uko nacho, Gaspard hakupanda pikipiki. Ile sahihi kwenye kitabu cha wageni aliiandika mtu mwingine, na Gaspard hakutoka katika lile ghala kwa miguu yake. Labda hakutoka kabisa.

Alisema anataka hewa, akatoka hadi ngazini mahali ambapo hakuna masikio, akampigia Massoudi. Alimwambia achukue watu wanne, bila sare, wakae karibu na geti la bandari kama watu wanaongoja mzigo, wasisogee. Massoudi aliuliza kuhusu hati ya upekuzi. Hati ilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka na ingechukua saa nzima. Dative aliogopa saa hiyo. Aliogopa zaidi kuingia kwa kishindo bila kujua Gaspard amewekwa wapi, kwa sababu mlango wa nyuma wa ghala unafungukia maji, na watu wenye mtu wa kuficha hawakosi mtumbwi.

Aliporudi, Nsimire alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo na chupa yake. Dative hakumwondoa.

"Bwana Valéry, kupitia laini hii mtu wa huku anaweza kumwita mtu wa kule?"

"Mutu hawezi kusema kwenye laini, Afande. Hii si simu."

"Sijasema kusema. Nasikia mafundi mnabipiana."

Valéry alitabasamu, akasema hayo yalikuwa mambo ya zamani. Sylvère alimkatiza kwa mara ya pili. Alisema si ya zamani hata kidogo, mwezi uliopita tu amewakaripia kwa kuzima na kuwasha laini ya mteja kama watoto wanaochezea taa. Ukizima mlango wa ruta hapa, taa ya modemu inazimika kule, ukiwasha inawaka. Fundi wa kule akichomoa na kuchomeka, hapa inakuwa nyekundu kisha kijani. Yeye alitoka upande wa biashara, maana za hesabu zao hakuzijua na hakutaka kuzijua. Kisha akamwambia Valéry afanye anachoambiwa na afande, na sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Hapo Dative alielewa lile jasho. Mkurugenzi alikuwa anaogopa tu, kama yeye. Alilifuta lile jina.

Valéry aliandika amri mbili fupi. Laini ya ghala ikawa nyekundu, ikarudi kijani. Moja. Uko?

Walingoja. Kiyoyozi kilinguruma. Namba zilipanda pamoja, 9,040 na 9,040, na Dative akamfikiria mtu aliye gizani, koo limekauka, akitazama taa ndogo kwa sababu hana kingine cha kutazama. Au asiyetazama tena chochote. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Simu ya Valéry, iliyolala kifudifudi mezani, ilitetemeka, naye akaichungulia na kuirudisha.

Laini ya ghala ikawa nyekundu. Kijani. Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Kijani.

Sylvère alijiziba mdomo. "Yesu, ni muzima."

"Tatu," Valéry alisema taratibu, akaegemea kiti. "Tatu ni kusema nimemaliza kazi, natoka. Ndiyo ivo, Afande. Pengine alilala tu mule ndani. Sasa anatoka."

Kwenye kioo cha mlango, Dative aliuona uso wa Nsimire. Mwanamke yule alikuwa amefungua mdomo aseme. Dative alimtikisia kichwa kidogo sana, na Nsimire, ambaye alijua kunyamaza akikatazwa, akanyamaza.

Nusu saa nzima Dative alikuwa amekaa bega kwa bega na mtu huyu, akinywa soda yake. Huenda alikuwa amekosea yeye. Huenda mke alichanganya.

"Una uhakika?"

"Miaka minane tunabipiana naye. Mi siwezi kukosea." Valéry alikuwa mpole kama mwanzo. "Uwatoe wale watu wako wane pale getini, Afande. Watu wa Adolphe watakasirika bure, na kazi ya kampuni itaharibika."

Dative aliweka kalamu chini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakuwa amefikiria ingekuwa fupi kiasi hiki.

"Nani amekuambia kuna watu getini?"

Valéry aliitupia jicho simu yake.

"Na nani amewahesabu wanne?"

Mkono wa Valéry ulikwenda kwenye simu. Wa Dative ulifika kwanza, kwa sababu tangu ilipotetemeka alikuwa ameusogeza karibu. Skrini ilikuwa bado haijajifunga. Ujumbe ulikuwa mfupi: Kuna watu wane getini si wa hapa. Tumutoe sasa kwa upande wa ziwa? Tunangoja jibu yako.

Aliusoma mara mbili. Mara ya kwanza hakuona herufi, aliona maji tu.

"Mi sikumugusa," Valéry alisema. Upole ulikuwa umemtoka, na kilichobaki kilikuwa mtu wa kawaida mwenye midomo mikavu. Alisema ni yeye aliyewavutia watu wa Adolphe waya wa pili, wa siri, unaosikiliza laini ya jirani yao ili wajue mizigo ya wengine kabla haijafika. Waya huo ndio uliokuwa unakatakata laini ya ghala. Gaspard aliufuata kwa mkono mpaka mwisho wake, akauona, na akasema ataandika ripoti. Mmoja wa wale waliomfungia humo alisaini kitabu badala yake. "Walisema watamufungia tu mpaka tuutoe ule waya. Waliniambia watamuachilia."

"Ana kisukari. Ulijua?"

Alijua. Kila mtu katika chumba kile alijua, na Valéry akatazama sakafu.

Dative alipiga hesabu haraka. Asipojibu, wataogopa, na watu walioogopa hawangoji. Akijibu vibaya, wataogopa vilevile. Aliandika kwa simu ya Valéry maneno mawili, kama Valéry mwenyewe angeyaandika: Apana. Ngojeni. Akatuma. Kisha, kwa simu yake mwenyewe, alimwambia Massoudi aingie sasa, chumba cha mitambo ndani ya ghala, wawili kwanza mlango wa upande wa ziwa, hati itawakuta humohumo. Maisha ya mtu yako hatarini, na hilo atalijibu yeye mbele ya mwendesha mashtaka. Sylvère alikuwa amekwishaufunga mlango kwa ndani na kusimama mbele yake, mnene, mwenye jasho, na hakusogea.

Kilibaki kitu kimoja. Gaspard alikuwa amesema usikaribie, halafu akaachwa bila jibu, kama jana.

"Mpigie mbili," Dative alimwambia Valéry.

Valéry hakuinua mkono. Labda hakuweza. Dative alivuta kibodi. Hakujua zile amri, lakini alikuwa ameona vidole vyake, mshale wa juu hurudisha mstari uliopita, na mstari uliopita ulikuwa bado upo. Alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, akiogopa kuharibu kitu asichokijua. Nyekundu, kijani. Akarudia. Nyekundu, kijani.

Mbili. Nakuja.

Hakuna kilichotokea. Namba zilipanda pamoja. Nsimire, kule nje, alikuwa ameinua mkono nyuma ya bega la Sylvère na kugonga kioo, mara moja, kisha akauacha hapo. Sylvère alimfungulia. Aliingia na chupa yake, akasimama nyuma ya Dative, na wote watatu wakatazama mstari mmoja ukutani. Dative alisikia pumzi ya mwanamke yule shingoni mwake. Alianza kuhesabu, akafika arobaini, akaacha kwa sababu hesabu ilikuwa inamwogopesha.

Laini ya ghala ikawa nyekundu. Ikakaa nyekundu muda mrefu, muda wa mkono usio na nguvu kutafuta tundu gizani. Kisha ikarudi kijani.

Walingoja ya pili. Haikuja.

"Moja," Sylvère alinong'ona. "Moja ni nini?"

Hakuna aliyemtazama Valéry. Nsimire alikuwa amekwishageuka, amefunga kanga vizuri kiunoni, chupa ya barafu kwapani, anaelekea mlangoni kwa haraka ya mtu aliyeitwa.

"Ni niko," alisema. "Twende, Madame. Anasema iko."